Mume na Mke Barabarani: Haki ya Matembezi ya Kiangazi

Katika nchi yetu ya Usukuma mume na mke husafiri pamoja kwa sababu tatu ambazo kila mtu huzikubali bila ya kuuliza, nazo ni msiba, harusi na maradhi. Habari ya kifo ikifika kwetu Mwamapalala usiku, alfajiri wawili hao hawakosi kuonekana kituoni, mume amevaa koti lake la heshima na mke amejitanda khanga, nauli yao imekwisha patikana kwa hisani ya jirani. Lakini watu wale wale wakisema kwamba wanakwenda kutazama ziwa, au majabali, au nyumbu wahamao, na kwamba huko waendako hawana mgonjwa wala maiti, watasailiwa na jamaa, watatiliwa shaka na majirani, na aghalabu wao wenyewe wataona haya hata waghairi. Haya hiyo haina msingi. Safari ya mume na mke kwa ajili ya kuiona nchi yao ni haki yao na ni elimu kwao, na wakuu wa halmashauri zetu, ambao hupanga vikao vingi kwa ajili ya mgeni atokaye ng'ambo, wanawajibika kuiandaa njia kwa ajili ya mwananchi pia.

Wakati wa safari hiyo upo, nao ni kiangazi. Mvua zikikoma na pamba ikifunguka, mkoa wetu wa Simiyu, ambao ulimegwa kutoka Shinyanga na Mwanza mwaka 2012 na ambao ndio unaoongoza kwa zao hilo katika Tanzania, huwa na shughuli usiku na mchana; magari yaliyoshindiliwa robota na magunia hupita yakiinama ubavu, na miiba ya kando ya njia hunasa nyuzi nyeupe, hata mgeni apitaye kwa mara ya kwanza hudhani kuwa vichaka vyetu vimechanua ua lisilojulikana kwao. Kisha pamba huuzwa, jembe hupumzika, ghala hufungwa, na kati ya siku hizo na mvua za kwanza za kupandia hubaki majuma kadhaa ambayo fedha kidogo imo nyumbani, njia ni kavu, na anga ni safi. Barabara nayo si kisingizio tena, kwa kuwa lami imetoka Mwigumbi, ikapita Maswa na Bariadi, ikaifikia Lamadi kwenye njia kuu ya Mwanza na Musoma. Tumezoea kuihesabu barabara hiyo kuwa ni ya pamba, ng'ombe na maiti. Tuna idhini ya kuihesabu kuwa ni ya macho pia.

Mimi na mke wangu tulitoka Mwamapalala kwa gari dogo la kuazima, hatukuwa na haraka, na kituo chetu cha kwanza hakikuwa na kibao wala mlinzi. Kilikuwa ngitili, yaani konde la malisho lililofungwa tangu mvua zilipoanza ili majani yake yakomae na miti yake ichipue, likangoja kufunguliwa kiangazi kikali wakati mifugo haina pengine pa kula. Upande mmoja wa njia ardhi ilikuwa nyekundu, imekwanguliwa na kwato. Upande wa pili, nyuma ya mpaka usiokuwa na ua wala waya, nyasi zilifika kiunoni, migunga imesimama, na ndege walilia humo tele. Mzee mmoja aliyekuwa akichunga alitujia, mke wangu akapiga goti kidogo akamwamkia, "Mwadila, baba," naye akaitikia kwa furaha, akatuuliza tumefiwa na nani. Tulipomwambia kwamba tumesimama kutazama ngitili tu, alinyamaza, akatutazama mmoja baada ya mwingine, kisha akasema, "Basi ngoja niwaonyeshe, wanangu," akatuongoza mpakani akitutajia mti mmoja mmoja kwa jina lake na dawa yake.

Ni wangapi kati yetu wajuao kwamba konde kama lile ni moja ya mambo makubwa yaliyopata kutendwa katika nchi hii? Zamani misitu ya Usukuma ilifyekwa ili kumfukuza mbung'o, ikafyekwa tena kwa ajili ya pamba, na idadi ya mifugo ikaongezeka juu ya ardhi ile ile. Watu walipohamishiwa vijijini katika miaka ya 1970, ngitili nyingi za mababu zikaachwa bila ya wenyewe, hata ikawa yasemwa kwamba Shinyanga inageuka jangwa. Mwaka 1986 serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, mradi uliojulikana kwa jina la HASHI, nayo Bariadi wakati huo ilikuwa ndani ya mkoa huo. Hekima ya mradi ilikuwa kuacha kuwafundisha Wasukuma jambo geni na kuwarudishia jambo lao wenyewe. Na katika muda usiozidi miaka ishirini ngitili zilizorudishwa zilikadiriwa kupita hekta laki tatu. Mwaka 2002 kazi hiyo ilitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, na wataalamu wametoka mbali kuja kuitazama. Sisi tuliozaliwa kando yake hupita mbio ndani ya basi, mapazia yameshushwa kwa ajili ya jua.

Mbele ya Bariadi njia hupita Nyakabindi, ambako maonesho ya Nane Nane ya kitaifa yalifanyika mwaka 2018, kisha hufika Dutwa na kuendelea kushuka kuelekea ziwa. Katika sehemu hiyo yapo majabali ya itale yaliyobebana, jiwe kubwa limekaa juu ya jiwe dogo kwa namna ambayo akili hukataa kuiamini, na chini yake mbuzi wamelala kivulini. Hapo wanawake huuza matobolwa katika mabeseni. Viazi vitamu vimechemshwa, vikakatwa, vikaanikwa juani hata vikawa vigumu na rangi ya kahawia, na mtu akivitafuna polepole pamoja na karanga hutoa utamu uliojificha ambao hauonekani katika kiazi kibichi. Mama aliyetuuzia alimweleza mke wangu tofauti ya matobolwa na michembe, ambayo hukatwa na kuanikwa ingali mibichi ndipo ichemshwe siku ya kuliwa, akamwonyesha kwa kidole jinsi kipande kilichokauka vizuri kinavyovunjika kwa mlio. Walizungumza kitambo, na mimi nikasimama pembeni nikisikiliza maneno ambayo mke wangu hakupata kuyasema nyumbani, juu ya bibi yake na akiba ya njaa ya utotoni mwake. Tumeishi katika nyumba moja kwa muda mrefu. Kisa hicho nilikisikia kando ya barabara. Nyumbani mke hukaa kati ya jiko, watoto, wageni na shamba, na mume hukaa kati ya vikao na madeni, na maneno yao huwa ya unga, ada na mbolea. Safarini wawili hao hukaa bega kwa bega, hawana la kugawana ila wanachokitazama.

Huko Lamadi ziwa hufunguka. Mkono huu wa Ziwa Nyanza huitwa Ghuba ya Speke, kwa jina la Mwingereza John Hanning Speke aliyeliona ziwa kwa mara ya kwanza tarehe 3 Agosti 1858, karibu na hapo ulipo mji wa Mwanza leo, ingawa watu waliokunywa maji yake karne na karne hawakuwa na haja ya kuonyeshwa. Mwendo mfupi kutoka hapo, kandokando kabisa ya barabara kuu, lipo lango la Ndabaka la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1951 na ni urithi wa dunia tangu mwaka 1981, na ukanda wake wa magharibi, pamoja na mto Grumeti na mamba wake, ndio upokeao makundi ya nyumbu yahamayo mnamo miezi ya Mei na Juni. Nyumbu hao ni zaidi ya milioni moja. Mtu wa Ulaya huweka akiba kwa miaka ili awaone, ilhali mtu wa Bariadi anayelipa kiingilio kwa shilingi, tena kidogo mno kuliko kile cha mgeni, huzeeka bila ya kulivuka lango.

Usiku ule tulitafuta malazi katika mji mmoja wa njiani, na karani wa nyumba ya kulala wageni, kijana mwenye adabu, alisitasita kutuandika, akamtazama mke wangu, akanitazama mimi, akauliza kwa sauti ya chini kama kweli ni mke wangu. Hakuwa na nia mbaya. Kwa mazoea yake mume na mke waliooana hawaji wawili, mchana kweupe, bila ya mgonjwa wala barua ya wito. Wajao hivyo ni watu wa siri. Mke wangu aliona uchungu, nami sikumlaumu karani, kwa maana fikira ile imetungwa na sisi sote. Jamii ambayo humdhania mabaya mwanamke aliyefuatana na mumewe kwa matembezi ya halali, na ambayo hainyanyui nyusi kwa mwanamume atembeaye peke yake, imeipindua mizani ya heshima, nayo inapaswa kuirekebisha.

Kesho yake tulivuka mto Simiyu karibu na Magu, tukafika Kisesa, tukapanda Bujora. Hapo Padre David Clement, Mkanada wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, alishirikiana na Wasukuma kukusanya vitu vya kale, na makumbusho yakaanzishwa mwaka 1968. Lipo jengo lililojengwa kwa sura ya kiti cha enzi cha mtemi, zimo ngoma za watemi zilizopigwa siku za kutawazwa, na yapo masimulizi ya vyama vya Bagika na Bagalu, ambavyo mashindano yao ya ngoma hukusanya umati katika sikukuu ya Bulabo kila mwezi wa Juni. Mke wangu, ambaye babu yake alicheza na jembe mkononi katika ngoma ya Bugobogobo, aliuona urithi wake umewekwa mahali pa taadhima, akasimama mbele yake muda mrefu. Hakuna hotuba iwezayo kumfundisha mtu fahari ya asili yake kwa kadiri ile.

Lugha yetu yenyewe ni shahidi wa safari. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, na humo Salim bin Abakari alieleza safari yake ya Urusi na Siberia ya mwaka 1896, akifuatana na bwana wake Mjerumani. Maelezo hayo ni adhimu, lakini ni ya watu waliokwenda kwa kazi au kwa amri. Miongo michache baadaye mume na mke wa Kimarekani, Martin na Osa Johnson, walizunguka nyika za Kenya na Tanganyika kwa magari na kamera, na filamu yao, Simba, ikaonyeshwa kwao mwaka 1928. Na mwezi Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua New York filamu ya Royal Tour, aliyoshiriki yeye mwenyewe ili kuitangaza nchi kwa walimwengu. Mambo hayo yote ni mema. Lililobaki ni kwamba sisi wenyewe, mume na mke, tujihesabu kuwa miongoni mwa walioalikwa.

Wako watakaosema kwamba fedha haipo, na kwamba mtembezi hula miguu yake. Ufukara naujua, nami simwambii mtu auze ng'ombe wa maziwa ili akatazame mawe. Lakini safari ninayoinena haihitaji gari la fahari. Yatosha basi, chakula kilichofungwa nyumbani, na malazi ya usiku mmoja, na gharama yake aghalabu haifikii ile tunayoimwaga bila ya kusita katika vinywaji vya harusi moja ya mtu tusiyemfahamu vizuri. Methali nayo yamlaumu azururaye bila ya kusudi. Mume na mke wanaokwenda kujifunza nchi yao, wakarudi na habari za kuwapa watoto, kusudi lao ni wazi.

Halmashauri za Itilima, Bariadi, Maswa, Meatu na Busega, kwa upande wao, nazidai mambo machache yasiyohitaji mfadhili. Ngitili moja nzuri iliyo kando ya njia iwekewe kibao cha Kiswahili kinachoeleza ni nini na ni ya nani, kwa ridhaa ya wenyewe. Pawepo mahali pa kusimama pana kivuli, maji na choo safi, ambapo mama wauzao matobolwa watapewa nafasi ya heshima badala ya kukimbilia madirisha ya mabasi. Maafisa utamaduni wawaendee wazee wa kila kata, wayaandike masimulizi ya mawe na visima kabla wenye kuyajua hawajatutoka. Nao watendaji wa nyumba za wageni wafundishwe kumpokea mume na mke kwa staha ile ile wampokeayo mgeni wa kigeni.

Nanyi waume wenzangu, pamba ikisha uzwa mwaka huu, kabla ya kuhesabu bati na kabla ya kumkumbuka mdai, tengeni nauli ya wawili, na kila mmoja amwulize mkewe ni wapi katika nchi hii ambapo tangu utoto ametamani kupaona. Jibu lake liwe ndiyo ratiba, na jirani akiuliza mnakwenda kumzika nani, mjibuni mbele ya watu wote kwamba mnakwenda kutembea.