Kunyonga, kujinyonga, kujinyonganyonga



Tunapenda kusema kidogo juu ya neno moja ambalo wengi wetu tunalitumia ovyo. Neno lenyewe ni kunyonga.

Ndani yake mna wazo la kuzungusha na kusokota. Mwenye baiskeli ananyonga, miguu inazunguka. Mwenye kucheza dansi ananyonga kiuno. Hata kile kiungo kinachounga paja na kiuno tunakiita nyonga. Na mwenye kukaba shingo ya mtu mpaka afe, naye amenyonga.

Sasa tuongeze -ji-. Mtu akijinyonga, amejiua kwa kamba, kama Yuda katika Matayo 27:5. Lakini tukirudia shina mara mbili, maana inageuka: kujinyonganyonga ni kujipindapinda mwili huku na huku, sawa vile mnyoo juu ya udongo wenye moto, ao mtoto mwenye kuumwa na tumbo. Huyu hajafa, wala hataki kufa!

Wengine watasema: «Si kitu, watu watasikia tu.» Sisi hatukubali. Fikirini kijana anatoka mbio usiku kwenye nyumba ya kulala, anapiga kelele: «Mwenzetu anajinyonga!» Watu watakimbia na kisu cha kukata kamba, kumbe mgonjwa iko anangojea dawa ya tumbo. Na siku neno litakapokuwa la kweli, nani atakimbia? Watakuwa wamezoea. Hiyo ndiyo hatari kubwa.

Tena muganga ana haja ya neno la sawasawa. Kutetemeka kwa homa si kujinyonganyonga. Mwenye kugaagaa chini juu ya maumivu, ukimwita anaweza kukujibu. Aliyeangushwa na kifafa hakusikii. Muganga anaanzia kwa yale tunayomwambia.

Wako pia wenye kuona haya kutamka neno hili juu ya dansi, ao wanacheka wakilisikia darasani. Lakini neno halina zambi. Mwili wa mgonjwa unajipinda kama ule wa mchezaji, na mgonjwa hachezi. Tusimcheke.

Basi, wenzetu, tuseme neno zima mpaka mwisho wake. Kurudia «nyonga» mara ya pili hakuchokeshi kinywa, na kunaweza kuokoa mtu.