Mtandao ukianguka mpakani, tuulize nani alisimamia mradi

Hakuna mfanyabiashara wa mpakani asiyeijua kauli hii: "Mtandao uko chini, subirini." Mwenye lori la saruji akiisikia huanza kuhesabu gharama ya maegesho na posho ya dereva na utingo wake. Mwenye nyanya huhesabu saa zilizobaki kabla mali yake haijawa takataka. Na yule mwenye mzigo mdogo hutupa jicho pembeni, kwenye njia ya panya, akipima kama leo ana ujasiri wa kuipita.

Tumezoea kuilaumu kompyuta. Lakini kompyuta haijinunui wala haijipangii kazi. Nyuma ya kila mfumo wa forodha kuna mradi, na nyuma ya mradi kuna watu: aliyeandika mahitaji, aliyechagua mzabuni, aliyepanga siku ya kuuwasha mfumo na aliyeamua nani afundishwe kuutumia. Wasipoijua kazi hiyo, mfumo wa bei ghali utatuangusha kama ule wa bei nafuu. Serikali zetu zimenunua mashine na programu za kutosha. Sasa ziwafunze kitaalamu wanaosimamia miradi hiyo.

Jambo hili ni letu sote, si la nchi moja. Tangu Himaya Moja ya Forodha ianze kutekelezwa mwaka 2014, mzigo wa Kampala au Kigali hulipiwa kodi kule unakokwenda ungali bandarini Mombasa au Dar es Salaam. Ili hilo liwezekane, taarifa lazima zivuke mpaka kabla ya lori. Nazo hutoka kwenye mifumo tofauti: Uganda, Rwanda na Burundi hutumia ASYCUDA, Tanzania ilijenga TANCIS, na Kenya ina iCMS iliyochukua nafasi ya Simba. Mmoja ukibadilishwa bila kuwashirikisha jirani, foleni haitajali kosa lilifanyika upande gani wa mpaka.

Kama kuna anayedhani mashine pekee inatosha, akumbuke uchaguzi wa Kenya wa Machi 4, 2013. Vilinunuliwa vifaa vya kielektroniki vya kuwatambua wapiga kura, na ukawekwa mfumo wa kutuma matokeo. Ununuzi ulichelewa. Siku ilipofika, betri ziliisha chaji katika vituo vingi, vituo vingine havikuwa na umeme, na utumaji wa matokeo ukakwama. Ikabidi kurudi kwenye karatasi. Betri kuisha si fumbo la kisayansi. Ni jambo ambalo msimamizi aliyefundishwa huliandika mapema kwenye orodha ya hatari, akaandika na jina la mtu wa kulishughulikia.

Hayo ndiyo yanayofundishwa katika mafunzo ya kusimamia miradi ya teknolojia: kuuliza watumiaji wanataka nini kabla ya kutangaza zabuni, kugawa kazi vipande vipande na kila kipande kiwe na mwenyewe, kufanya majaribio mahali penyewe badala ya ofisini makao makuu, na kuandaa njia ya akiba siku mfumo utakapogoma. Duniani vipo vyeti vinavyotambulika kwa kazi hii. PMP hutolewa na PMI, taasisi ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1969, na mtu haruhusiwi kuufanya mtihani wake bila angalau saa 35 za mafunzo na miaka kadhaa ya kuongoza miradi. PRINCE2 ilitoka serikalini Uingereza mwaka 1996.

Wapo watakaosema cheti ukutani hakiendeshi mradi. Ni kweli. Tunao wenye vyeti vingi wasiowahi kukanyaga mpakani mvua ikinyesha na umeme umekatika. Tena kozi hizo hazikuandikwa kwa ajili ya Mutukula au Kasumbalesa, na gharama yake ni kubwa kwa kijana anayejilipia. Lakini dawa yake si kuacha kufundisha. Dawa ni kufundisha kwa mifano yetu, na kumtaka anayesoma akae mpakani wiki kadhaa, aone foleni kwa macho yake, kabla ya kukabidhiwa mfumo wowote.

Njia tunayo tayari. Mamlaka za mapato za Afrika Mashariki na shirikisho la mawakala wa forodha, FEAFFA, wamekuwa na mafunzo ya pamoja ya mawakala, yenye cheti kimoja kinachotambulika katika kanda. Kama tuliweza kukubaliana wakala afundishwe nini, tutashindwaje kukubaliana kuhusu wale wanaojenga mfumo ambao wakala huyo anautumia? Kigali kuna Carnegie Mellon Africa. Dar es Salaam, Nairobi na Kampala kuna vyuo vikuu vinavyofundisha kompyuta. Jumuiya iweke mtaala mmoja, na isikubali mradi wa mfumo unaovuka mpaka uongozwe na mtu asiyeupitia.

Nasi wafanyabiashara tuache kuwa watazamaji. Mfumo mpya unapotangazwa, vyama vyetu viulize maswali matatu. Je, ulijaribiwa mpakani na watu wanaobeba mizigo wenyewe? Je, tutafundishwa kuutumia kwa Kiswahili, na lini? Na mtandao ukianguka, utaratibu wa karatasi uko wapi na nani ana mamlaka ya kuuanzisha saa ileile? Asiyeweza kuyajibu asiruhusiwe kuuwasha mfumo huo.

Anayeumia zaidi ni mdogo. Jumuiya imemwekea utaratibu rahisi: mzigo wa bidhaa zetu zilizo kwenye orodha ya pamoja, usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, hupita kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa. Ni mpango mzuri. Lakini mama mwenye magunia mawili ya maharagwe akizungushwa siku mbili kwa sababu ya mfumo, faida yake yote imeliwa na nauli na malazi. Safari ijayo atapita porini, na tutamwita mtu wa magendo. Kumbe aliyemsukuma huko ni mradi uliosimamiwa vibaya ofisini, mbali kabisa na mpaka.