Kabla ya Kununua Usukani wa Mashindano, Lala Chini ya Gari Lako

Haya jamani, leo tuiweke kompyuta kando kidogo. Najua mmezoea kunisoma nikilalamika kuhusu programu, lakini wiki hii nina jambo la magari, na mtaona halijaenda mbali na kazi yangu.

Gari langu ni Subaru Impreza WRX ya mtumba. Sina haja ya kuwaeleza Wakenya mapenzi yetu kwa gari hili. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally akiendesha Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns akashinda kwa Impreza vilevile. Basi kijana akipata mshahara wa kwanza wa maana, mnajua fedha zinaelekea wapi.

Nilitaka usukani unaojibu haraka. Nikaenda gereji moja Nairobi, jina nalihifadhi. Wakakata springi ili gari lishuke, wakaweka spesa magurudumu yatokeze nje, rimu kubwa zenye tairi nyembamba, na usukani mdogo wa mashindano. Likapendeza kweli! Kisha nikafunga safari kwenda nyumbani Kalamba, Makueni. Kwenye barabara ya Mombasa, nikiwa napishana na lori, gurudumu la mbele likapita kwenye lami iliyobonyea, na gari likajigeuza kuelekea lile lori bila mimi kuzungusha chochote. Nililirudisha, lakini mikono ilitetemeka mpaka nyumbani.

Kwa nini gari lijigeuze? Gurudumu la mbele limeshikwa na mkono wa chini unaolibeba na fimbo ya usukani inayoligeuza. Linapopanda na kushuka, viungo hivi viwili huchora pinde zake. Mtengenezaji amezipanga pinde hizo zifuatane. Ukishusha gari kwa kukata springi, pembe ya fimbo inabadilika, pinde zinaachana, na kila shimo linazungusha gurudumu kidogo. Spesa nazo zinalisogeza gurudumu mbali na mhimili wake wa kugeukia, kwa hiyo kila jiwe linapata nguvu zaidi ya kuvuta usukani. Mimi niliuita mtikisiko huo "hisia ya barabara". Ilikuwa kelele tu.

Hebu kumbukeni magari ya Safari Rally yenyewe. Kwa ajili ya barabara zetu yalikuwa yakiinuliwa, hayakushushwa! Na mwaka 1993 Patrick Njiru alimaliza wa 12 kwa jumla akiwa na Subaru Vivio, kigari cha injini ya cc 660. Sisi tunaiga gari la picha kwenye ukuta, tunasahau gari lililofika mwisho.

Kalamba nilimtafuta mzee mmoja fundi anayefanya kazi chini ya mti. Hakuniuliza kuhusu rimu. Alilala chini, akaingiza chuma kwenye mkono wa gurudumu, akausukuma. "Kijana, hizi bushi umewahi kuziangalia?" Mpira ulikuwa umepasuka pande zote mbili. Ncha ya fimbo ya usukani nayo ilikuwa imelegea. Yaani nilikuwa nimeongeza mapambo juu ya msingi wenye hitilafu, kosa lilelile ninalowakemea wenzangu ofisini kila siku. Nilinyamaza.

Msimamo wangu ni huu: kwa magari mengi yanayotembea hapa kwetu, usukani mzuri haununuliwi dukani, unarudishwa. Kenya inaruhusu magari ya mtumba yasiyozidi miaka 8, kwa hiyo hata gari "lililoingia juzi" linaweza kuwa na mpira wa miaka saba. Ongeza matuta na barabara za vumbi za Ukambani. Bushi iliyochoka inanyonya mwendo wako wa kwanza: unazungusha usukani, mpira unajikunja, ndipo gurudumu linageuka. Huo ndio ucheleweshaji unaoulalamikia.

Fanyeni kwa mpangilio. Kwanza tairi: aina nzuri, na upepo wa kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, si kiasi cha kukisia. Pili viungo na bushi. Tatu ndipo upimaji wa magurudumu, kwa sababu kupima gari lenye viungo vilivyolegea ni kutupa pesa. Magurudumu ya mbele yakielekeana kidogo kwa ndani, gari linatulia. Yakielekea nje, linaingia konani haraka lakini linakula tairi na kuhangaika kwenye njia iliyonyooka. Mhimili wa kugeukia ukilazwa nyuma zaidi, usukani unakuwa mzito kidogo na unarudi katikati wenyewe. Mabadiliko haya madogo utayahisi kuliko usukani mdogo, ambao kwanza umekuondolea mfuko wa hewa wa kukulinda ukigonga!

Mtaniuliza, "Na magari mapya yenye usukani wa umeme, si wewe mwandishi wa programu ungefurahi?" WRX ya mwaka 2015 ilihamia umeme, huku WRX STI ya kizazi hicho ikibaki na mafuta. Katika ule wa umeme, kihisi kinapima nguvu ya mikono yako, kompyuta inatazama majedwali yake, na mota inasaidia. Kuna watu wanatamani kuyabadilisha majedwali hayo. Mimi siwaungi mkono. Programu yangu ikianguka, mteja anapiga simu na kufoka. Ya usukani ikianguka, huenda asipige simu tena. Halafu programu hairekebishi bushi iliyopasuka.

Nimerudisha springi za kiwandani, nimetoa spesa, usukani wa zamani uko mahali pake. Gari halipigwi picha tena kwenye vituo vya mafuta. Lakini Jumapili nilipita sehemu ileile ya lami iliyobonyea. Nilihisi shimo viganjani, gari likaenda moja kwa moja, na lori likapita upande wake.

Kabla ya kulipia chochote wiki hii, mwambie fundi aingize chuma pale chini. Wewe lala karibu naye, uangalie.