Mkadiria kodi asivae shati la chama

Kijana mwenzetu unayesoma gazeti hili kijiweni Katesh, au stendi ya Mbulu mjini, au umelipokea limekunjwakunjwa mkononi mwa mwenzako pale Haydom, tunakuomba uweke kikombe cha kahawa pembeni kidogo. Leo tunazungumza habari ya kodi. Usigeuze ukurasa. Tunajua utasema, "Mimi mlalahoi, kodi ya asasi inanihusu nini?" Inakuhusu, tena sana.

Tuanzie nyumbani. Wazee wako wanaikumbuka Basotu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 shirika la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba ya ngano wilayani Hanang hadi kufikia ekari zipatazo 100,000. Wabarabaig walikuta malisho yao yamelimwa na matrekta, na makaburi ya wazee wao yamepitiwa na majembe. Kijiji cha Mulbadaw kikaenda mahakamani. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaipa NAFCO ushindi. Mojawapo ya hoja ilikuwa kwamba wadai hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria. Mbarabaig, ndani ya Hanang, akaambiwa hajathibitisha uenyeji!

Fundisho lake ni hili: mlalahoi akiingia mahakamani peke yake, karatasi inammaliza. Anahitaji watu wa kukusanya ushahidi, wa kumtafutia wakili, wa kumweleza sheria kwa lugha anayoielewa. Kazi hiyo hufanywa na asasi. Kwa hiyo anayeinyonga asasi hamnyongi mzungu mfadhili. Anamnyonga baba yako mwenye shauri la ardhi.

Zamani asasi ilinyongwa mchana kweupe. Mnakumbuka BAWATA, Baraza la Wanawake lililoongozwa na Profesa Anna Tibaijuka? Lilianza kuwafundisha akina mama jinsi ya kuwapima wagombea wa uchaguzi wa 1995. Mwaka 1996 likasimamishwa, mwaka 1997 likafutwa kabisa. Kosa? Eti linafanya kazi kama chama cha siasa. Dunia nzima ikasikia, kesi ikafunguliwa, serikali ikaaibika.

Wakubwa wakajifunza. Kufuta asasi kuna makelele. Hesabu hazina makelele. Anakuja bwana mmoja na mkoba, anaomba vitabu vya miaka mitano, anakaa wiki tatu, anaondoka. Kisha inakuja barua yenye tarakimu. Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyekamatwa. Lakini ofisi imekufa.

Angalia kalenda, kijana. Septemba 2005, uchaguzi unakaribia, Wizara ya Elimu inaizuia HakiElimu kuchapisha tafiti kuhusu shule. Agosti 2020, miezi miwili kabla ya kura, akaunti ya Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu, THRDC, inafungwa kwa amri ya polisi, nao wanasimamisha kazi. Hoja ilikuwa mikataba ya wafadhili ambayo kwa kanuni za 2018, ikizidi shilingi milioni 20, lazima ipelekwe Hazina na kwa Msajili. Akaunti ilifunguliwa 2021, uchaguzi ukiwa umekwisha pita. Hatusemi kanuni isifuatwe. Tunauliza: kwa nini saa ya ukaguzi hugonga wakati wa kampeni?

Tuwe wakweli. Katika mambo hayo mawili aliyeshika rungu hakuwa TRA. Moja lilikuwa la wizara, jingine la polisi. Lakini tazama jirani zetu. Aprili 2015 maofisa wa kodi wa Kenya waliingia katika ofisi za MUHURI na Haki Africa kule Mombasa, wakabeba kompyuta, na akaunti za asasi hizo zikafungwa. Novemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ikaamuru zifunguliwe. Wakenya wakapiga kura tarehe 8 Agosti 2017. Tarehe 16, siku nane baadaye, watu wa kodi wakiwa na polisi wakabisha hodi AfriCOG, asasi ileile iliyopeleka matokeo ya urais ya 2013 mahakamani. Siku nane! Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Sasa turudi kwetu tuisome sheria yenyewe, maana hapo ndipo penye changa la macho. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, kifungu cha 64, ilivyoandikwa, inasema asasi ya hisani ni ile iliyoundwa kwa ajili ya kuondoa umaskini au dhiki ya umma, kuendeleza elimu, au kutoa huduma za afya, elimu, maji na barabara. Haitoshi. Lazima pia iwe na uamuzi wa maandishi wa Kamishna unaoitambua. Bila karatasi hiyo, unatozwa kama kampuni, asilimia 30 ya faida.

Tuseme kuna vikundi viwili pale Katesh. Cha kwanza kinachimba kisima. Cha pili kinauliza fedha za kisima cha mwaka jana zimekwenda wapi. Cha kwanza kinaingia kwenye kifungu bila kutoa jasho. Cha pili kitajieleza vipi? Haki haimo katika orodha. Ardhi haimo. Kufuatilia mali ya umma hakumo. Ni juu ya mtu mmoja ofisini kuamua kama kuuliza swali ni hisani au ni biashara. Sheria inayomwachia ofisa mlango mpana kiasi hicho haihitaji ofisa mbaya. Inahitaji simu moja tu kutoka juu.

Halafu uone gharama ya kubisha. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 una siku 30 za kuweka pingamizi, na unatakiwa kulipa kwanza theluthi ya kodi uliyokadiriwa, au kiasi usichokibishia, kile kilicho kikubwa. Ukikadiriwa milioni 30, weka mezani milioni 10 ndipo usikilizwe. Kamishna anaweza kukupunguzia au kukusamehe. Yaani unamlilia yuleyule unayembishia. Kampuni ya bia itazipata hizo milioni 10. Kikundi cha wafugaji wa Basotu kitazitoa wapi? Kiuze ng'ombe wa nani?

Mwenye mimbari husikika. Mwaka 2009 serikali ilileta bajeti iliyotaka kufuta misamaha ya kodi ya taasisi za dini. Maaskofu wakapiga kelele, wabunge wakapiga kelele, serikali ikarudi nyuma. Tulifurahi, maana hapa kwetu hospitali ya Haydom ni ya Walutheri, na bila makanisa wagonjwa wengi wa Mbulu wangefia njiani. Lakini kikundi cha vijana wa Dongobesh hakina askofu. Kikiandikiwa barua kinalia chumbani.

Wapo watakaotujibu kwamba asasi nyingi ni za mfukoni, mwenye nazo ni mume, mke na shemeji, na fedha za wafadhili zinaishia kwenye magari. Ni kweli zipo. Zikaguliwe, zitozwe, wenyewe wapelekwe mahakamani. Sisi hatutetei mwizi kwa sababu tu anawasema wakubwa. Tunachodai ni mizani moja. Mwaka 2018 tume ya Dakta Bashiru Ally, iliyoundwa na chama tawala chenyewe, ilieleza jinsi mali za chama zilivyokuwa zikiendeshwa ovyo. Ni chama kinachomiliki viwanja vya mpira ambavyo baba zetu walivichangia wakati wa chama kimoja, ukiwamo ule wa Sheikh Abeid pale Arusha unakokwenda kutazama mechi. Je, mlisikia akaunti ya chama hicho imefungwa? Sisi hatukusikia. Mkuki kwa nguruwe.

Wala msidhani ugonjwa huu ni wa Afrika. Mwaka 2013 mamlaka ya kodi ya Marekani, IRS, ilikiri kwamba vikundi vilivyoomba msamaha wa kodi vilichambuliwa kwa majina yao. Ukiwa na neno "Tea Party", faili lako linawekwa pembeni. Vilikuwa vikundi vya wapinzani wa Rais Obama. Mwaka 2017 serikali ikawaomba radhi, na mwaka huohuo mkaguzi akaeleza kwamba majina ya vikundi vya mrengo wa pili nayo yalikuwa yamechambuliwa. Umeona? Panga likishanolewa halichagui shingo. Wanaoshangilia leo wakumbuke kwamba kiti hakina hatimiliki. Muulizeni Frederick Sumaye, mbunge wa Hanang kwa miaka mingi na Waziri Mkuu kwa miaka 10, aliyejikuta upinzani mwaka 2015.

Na upo mfano wa ujasiri. Mwaka 1972 watu wa Rais Nixon walimpelekea mkuu wa kodi, Johnnie Walters, orodha ya maadui wa rais wachunguzwe. Hakuifanyia kazi. Alikuwa mteule wa Nixon, alikula mkate wa Nixon, lakini alijua kodi ni ya nchi. Tunawatakia maofisa wetu wa Babati na Arusha mgongo kama huo. Wengi wao ni vijana kama wewe, na si wote wanaofurahia kutumwa.

Gazeti hili linadai mambo manne. Kwanza, TRA itangaze vigezo vya kuchagua asasi ya kukaguliwa, na itoe kila mwaka idadi ya zilizokaguliwa kwa kila mkoa. Pili, itangaze majina ya asasi zote zilizopewa uamuzi wa hisani, na anayenyimwa apewe sababu kwa maandishi. Tatu, akaunti ya asasi isifungwe na yeyote bila amri ya mahakama. Nne, Bunge liongeze katika kifungu cha 64 msaada wa sheria, haki za ardhi na ufuatiliaji wa mali ya umma. Asiyekuwa na la kuficha hatashindwa na hayo manne.

Na wewe kijana, usikae ukilalamika. Kama mna kikundi, kianzishieni kitabu cha hesabu leo, si kesho. Kila shilingi iwe na risiti. Ombeni uamuzi wa Kamishna kwa barua na mbaki na nakala yenye mhuri. Barua ya makadirio ikija, hesabuni siku 30 kuanzia siku mliyopokea, wala msisubiri huruma ya mtu. Anayetaka kukumaliza kwa hesabu anasubiri ukosee hesabu. Mnyime nafasi hiyo.

Wazee wa Mulbadaw walishindwa kwa karatasi. Sisi tuliosomeshwa kwa ng'ombe wao tutasema nini tukishindwa kwa karatasi ileile mara ya pili?