Vijana wa Kampala hawakusubiri tamasha

MWAKA 2006, jijini Kampala, mchezaji dansi Abraham Tekya, maarufu kwa jina la Abramz, alianzisha Breakdance Project Uganda, mradi wa kuwafundisha vijana brekidansi bila kuwatoza hata shilingi moja. Kanuni yake ni nyepesi: anayejua hatua moja amfundishe asiyeijua. Kwa hiyo aliyekuja jana akiwa mwanafunzi, kesho anaweza kusimama mbele kama mwalimu.

Kutoka Kampala mafunzo hayo yalifika Gulu, kaskazini mwa Uganda, eneo lililokuwa likitoka katika vita vya kundi la LRA la Joseph Kony. Huko walikuwapo vijana waliokulia kambini, na wengine waliowahi kutekwa na waasi. Filamu ya Bouncing Cats ya mwaka 2010 inaonesha kazi hiyo. Dansi haikuwarudishia wazazi wala mashamba, na asitokee mtu kudai hivyo. Iliwapa mahali pa kwenda na wenzao wa kucheza nao, na kwa kijana aliyetoka vitani hilo si dogo.

Wapo wazee watakaosema brekidansi ni ya Wamarekani. Ni kweli, ilizaliwa New York. Lakini taarabu nayo iliingia Unguja kutoka Misri enzi za Sultani Barghash, na leo nani anaiita ya kigeni?

Cha kuangaliwa hapa ni gharama. Mradi wa namna hii unahitaji sakafu isiyo na mashimo, spika, na mtu anayefika kila wiki bila kukosa. Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa upande wake, imeweka nguvu katika tamasha kubwa la utamaduni, JAMAFEST. Lilianza Kigali mwaka 2013, likaenda Nairobi 2015, Kampala 2017, Dar es Salaam 2019 na Bujumbura 2022. Lilikusudiwa kufanyika kila baada ya miaka miwili. Korona inaweza kueleza kuchelewa kwa lile la Bujumbura.

Tamasha si baya. Watu hufurahi, wasanii hukutana, vyakula huonjwa. Ila ujumbe wa kila nchi huratibiwa na wizara, na kijana anayejifunza kwenye uchochoro wa Buguruni au Kamenge ana nafasi ndogo ya kuuona mlango wa kuingilia. Wiki ikiisha, wageni hupanda mabasi kurudi makwao.

Sehemu ya fedha hizo ingefaa zaidi kama ingewalipia nauli na malazi walimu vijana. Mmoja wa Kampala akae Mwanza mwezi mzima, mmoja wa Bujumbura akae Kigoma, wa Mwanza naye aende Gulu. Wangefundishana dansi, na humo humo Kiswahili kingepata wasemaji wapya Uganda kuliko kwa makongamano yanayofanywa kwa Kiingereza.

Kuhusu mahali, hakuna haja ya kujenga kipya. Halmashauri nyingi zina kumbi zinazokaa na kufuli kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi, zikisubiri harusi ya Jumamosi. Ofisa utamaduni wa wilaya anaweza kuzifungua alasiri mbili kwa wiki, na hilo halihitaji mkutano wa marais Arusha.