Mtoto Mwenye Papara Anamtazama Nani?



Madrasani kwetu hapa Busia nina kijana wa miaka tisa anayejibu kabla sijamaliza swali. Akisoma anaruka mistari. Mwaka jana alinusurika kidogo tu kugongwa na lori karibu na mpaka. Mama yake, ambaye huuza nguo Tororo, aliniambia, "Ustadh, mchape tu, atatulia." Nilishamchapa, na naona haya kulisema. Hakutulia.

Ndipo nikajitazama mwenyewe. Darasani kwangu nani husifiwa? Anayenyosha kidole kwanza. Akitoka nje anawaona vijana wa boda boda, kazi iliyopata jina lake mpakani hapa hapa, wakipenya kati ya malori kugombea abiria. Sisi wakubwa tumemsomesha papara, kisha tunamshikia kiboko!

Mwaka 1971 Donald Meichenbaum na Joseph Goodman walichapisha uchunguzi juu ya watoto wa namna hii. Waliomtazama tu mtu mzima akifanya kazi taratibu huku akijisemesha walipunguza mwendo. Lakini waliopunguza na makosa ni wale waliozoezwa kujisemesha wenyewe pia, kwanza kwa sauti, kisha kwa kunong'ona, mwisho kimoyomoyo.

Kwa hiyo, mzazi, utulivu wako wa kimya hautoshi. Mtoto aisikie fikra yako, kisha aiseme yeye. Siku hizi nikiandika ubaoni nasema, "Ngoja. Hii ni ba au ta? Nukta iko chini au juu?" Nao wanarudia. Wewe unayebadilisha pesa mpakani huhesabu noti mara mbili. Mwite mwanao, hesabu kwa sauti, umwachie ya pili ahesabu yeye.

Nawasimulia pia habari za Ashajj. Ujumbe wa Abdul Qays ulipofika Madina, wenzake walimkimbilia Mtume (S.A.W.). Yeye alibaki nyuma, akavaa nguo nzuri, ndipo akaenda, na Mtume akamsifu kwa upole na kutokuwa na haraka. Watoto wanaipenda hadithi hii mpaka wanasukumana nani awe Ashajj.

Yule kijana wangu juzi alisimama kando ya barabara. Niliona midomo ikicheza: "Kulia. Kushoto. Lori." Akangoja lipite. Halafu akavuka mbio, kitabu kikaanguka, akarudi kukiokota bila kutazama. Jumamosi tunaanza tena, Inshaallah.