Tuwape Majina Waliomo Pichani



Majuma machache yaliyopita, baada ya Misa ya pili, mzee mmoja wa parokia yetu alitualika nyumbani kwake akatufungulia sanduku lake la bati. Chini ya vyeti vya ubatizo na kitambulisho cha zamani palikuwa na ukurasa wa gazeti uliokunjwa mara nne. Sehemu yenye jina la gazeti na tarehe ilikuwa imekatwa. Kilichosalia ni picha moja kubwa na mstari mmoja wa maelezo chini yake. Watu kumi na mmoja, wanaume tisa na wavulana wawili, wamesimama mbele ya mizani ya pamba katika bonde la Ruzizi. Maelezo yanamtaja kwa jina na cheo Mzungu aliyesimamia soko, ambaye hata haonekani vizuri. Wengine wote wameitwa wakulima, basi.

Tulikuwa na vijana watano siku hiyo. Kabla mzee hajasema neno, wawili kati yao walikwisha kuanza kubishana. Mmoja alisema kwamba watu hao wote ni wa kabila lake, kwa hiyo picha ni ushahidi kuwa bonde lile lilikuwa lao peke yao. Mwenzake aliapa kwamba nyuso zile ni za upande wake. Mzee aliwaacha waseme. Kisha akaweka kidole juu ya uso wa kwanza kushoto, akataja jina. Akaenda hivyo, uso kwa uso, hadi akafikisha majina manane, mojawapo likiwa lake mwenyewe, maana alikuwa mmoja wa wale wavulana. Miongoni mwao walikuwamo Wafuliiru na Wavira, Mrundi mmoja aliyevuka mto kutafuta kazi akaoa huku, na mfugaji wa milima ya juu ambaye hakuwa na pamba hata kidogo. Huyo alishuka kuuza siagi na, kama mzee alivyosema akicheka, alipenda kusimama mahali penye watu. Hakuna kijana aliyeendelea kubisha.

Ndiyo sababu tunaandika. Maoni yetu ni kwamba picha za zamani za magazeti zisizo na majina si urithi salama. Uso usio na jina ni kama shamba lisilo na mwenyewe: kila apitaye huliwekea mpaka wake. Katika nchi yetu hii ya Uvira, ambako swali la nani alitangulia kufika limekwisha kumwaga damu nyingi, hatuna ruhusa ya kuziacha nyuso hizo zichukuliwe na yeyote aliye na sauti kubwa.

Inafaa mjue picha hizo zilitoka wapi. Serikali ya kikoloni ilikuwa na ofisi yake ya habari na picha, Congopresse, iliyowatuma wapiga picha kila pembe ya Kongo. Kazi zao nyingi zimehifadhiwa leo katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Tangu mwaka 1948 jarida la Nos Images la Léopoldville lilizisambaza picha za namna hiyo kwa Kifaransa na kwa lugha za wenyeji, Kiswahili kikiwemo. Mapadri Weupe nao walikuwa na magazeti yao: Kinyamateka huko Kabgayi tangu 1933, Temps Nouveaux d'Afrique ng'ambo ya ziwa katika Usumbura ya wakati ule, na Grands Lacs iliyochapwa Namur kwa ajili ya wasomaji wa Ulaya. Picha ya mwanakijiji wa Kiliba au wa Sange ingeweza basi kusomwa Ubelgiji na watu ambao hawangemwona kamwe, huku yeye mwenyewe asijue kwamba amechapwa.

Tusidanganyike na uzuri wake. Katika picha hizo pamba ni nyeupe, mashati yamefuliwa, na mistari ya watoto wa shule imenyooka kama kamba. Lakini pamba ile ilikuwa ya lazima. Amri ya mwaka 1933 iliruhusu wanakijiji washurutishwe kufanya kazi za namna hiyo hadi siku 60 kwa mwaka, na aliyekataa alitozwa faini au kufungwa. Mpiga picha alikuja siku ya mauzo. Siku ya kufungwa hakuja. Katika ukurasa wa mzee wetu, pembeni kabisa kulia, inaonekana nusu ya mtu: mguu mmoja, mkanda, na ncha ya kofia. Ni polisi. Aliyepiga picha alijaribu kumwacha nje, hakufaulu.

Hata hivyo hatukubaliani na wale wasemao kwamba picha hizo zote ni uongo wa wakoloni, zichomwe. Watu waliomo ni wa kweli. Yule mwanamume aliyekunja mikono alikuwa na mke, mbuzi, deni na sala zake. Picha za ziwani zinaonyesha kazi yenye akili: wavuvi wa ndakala usiku, wengine bado wakiwasha moto wa kuni kwenye mtumbwi, wengine wakiwa tayari na taa za mafuta zilizoenea katika miaka ya 1950. Tungewaonyesha vijana wanaovua leo kwa taa za betri, nao wangemtambua babu yao kwa jinsi anavyoushika wavu. Wanawake, kwa upande wao, hupigwa picha wakiwa na mzigo mgongoni, au zahanatini mtoto anapopimwa uzito. Mtoto huonekana uso, mama huonekana kisogo. Hapo kazi ya kutafuta jina ni ngumu zaidi, na ni afadhali kuanza na bibi zetu kabla ya babu zetu.

Muda ni mfupi. Aliyekuwa na miaka 8 mwaka 1954 anakaribia 80 sasa. Karatasi zenyewe zinapotea: wengine waliziacha nyumbani walipokimbia mwaka 1964, wengine mwaka 1996, na usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 Mulongwe ulipofurika, masanduku mengi yalikwenda ziwani pamoja na nyumba. Kisha ziwa lenyewe likapanda likaingia mitaani.

Sisi makatekista tunacho chombo ambacho magazeti hayakuwa nacho. Ni kitabu cha ubatizo. Sheria ya Kanisa inaagiza kila abatizwaye aandikwe jina lake, la wazazi, la wasimamizi, mahali na siku. Mwamini wa mwaka 1953 ambaye gazeti lilimwita mkulima tu, Kanisa lilimwuliza jina kabla ya kummwagia maji. Magazeti yana nyuso bila majina. Vitabu vyetu vina majina bila nyuso. Tunaomba vijana wa kila parokia, kwa ruhusa ya paroko, wavikutanishe. Njia ni rahisi: pigeni nakala ya picha kwa simu, choreni vichwa kwenye karatasi na kuvitia namba, kaeni na mzee au bibi, andikeni kila jina pamoja na jina la aliyelitaja, kisha mlitafute kitabuni. Picha yenyewe msiiandike kalamu. Wala msiitume mitandaoni kabla jamaa zake hawajaridhia.

Kundi la Xaveri lingeweza kuanza na lake. Lilianzishwa Bukavu mwaka 1952 na Padri Georges Defour, na picha za wavulana wake wa kwanza wenye vitambaa shingoni zimo katika albamu za parokia. Jina la padri aliyesimama katikati limeandikwa. Majina ya wavulana je?

Tarehe 18 Agosti 2024, hapa Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza wenye heri Luigi Carrara, Giovanni Didonè, Vittorio Faccin na Abbé Albert Joubert, waliouawa Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964. Tulizishika picha zao tukaimba, na ilistahili. Lakini katika uasi huohuo walikufa pia wakristo wa vijijini wengi ambao hatuna uso wao wala jina lao. Baadhi yao, tunadhani, walikwisha kupigwa picha miaka kumi kabla, mbele ya mizani.

Mwenzetu mmoja, katekista wa siku nyingi kutushinda, ametuonya kwamba majina huamsha magomvi: fulani alikuwa polisi wa mwami, fulani alimfunga baba wa fulani. Ni kweli. Tumefikiri sana juu ya onyo hilo, na hatuwezi kuahidi kwamba hakuna atakayeumia. Lakini siri hizo zinanong'onwa tayari kila msibani, na mnong'ono haumpi mtuhumiwa nafasi ya kujibu wala mjukuu nafasi ya kuomba msamaha. Nusu ile ya mtu pembeni ya picha, yule polisi, mzee wetu alijua jina lake pia. Alilitaja kwa sauti ya chini, akatuomba tuliandike.

Katika wale kumi na mmoja wamebaki watatu. Mmoja ameweka mkono juu ya bega la mvulana wa pili, na mzee anasikitika zaidi juu ya huyo kwa sababu anakumbuka sauti yake na jina limemtoka. Ana dada mkubwa huko Sange, bado anaona vizuri. Vijana wawili, walewale waliobishana, wameomba kumpelekea nakala Jumamosi ijayo, kama barabara itakuwa shwari.